Chura wa Beseni

Cheti kipo bado ukutani, hapa Tabaka.
Kioo chake kimeingia vumbi jeupe la jiwe
hadi jina langu limesalia nusu: Onsa—
Nilikipata Kisumu, mwaka ule wa mvua nyingi,
nafasi ya pili, kwa twiga mwenye shingo ya kujipinda.
Waamuzi watatu walimzunguka na miwani yao
wakasema, "Mm."

"Mm" hiyo nimeichonga miaka sita.

Twiga wa pili, shingo imepinda zaidi.
Wa kumi, shingo fundo.
Kila nilipoinua panga juu ya jiwe
wale watatu walikuwa wamekwisha kukaa begani pangu,
punguza hapa, hapo watapenda,
nikawa sichongi tena, najibu maswali
ya watu walioshakwenda kwao kulala.

Siku hizi ni oda. Mogaka huja Jumanne na rula mfukoni:
ndovu arobaini, sentimita nane, mkonga juu,
maana mkonga ukiwa chini, asema, hanunuliwi.
Sawa. Karo ya Kemunto haiulizi habari za mkonga.
Ndovu nawachonga kama mtu amenyavyo viazi,
sina ugomvi nao.

Nyuma ya mgomba anakaa Nyaboke, mpiga msasa,
beseni la maji katikati ya miguu,
vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyekawia mtoni.
Husugua nilichochonga mimi,
shilingi tano kwa ndovu, na masikio yote mawili.
Siku moja nilimwita msanii.
Akageuka nyuma kutazama ni nani amekuja.

Juzi maji yalichafuka, akayamwaga,
nikasikia kitu kikigonga bati: tok.
Chura.
Mdogo kuliko kidole gumba, wa jiwe la waridi,
katika vile vipande ninavyotupa.
Goti moja limekunjwa, jingine limeanza kuruka,
na chini ya kidevu, pasipoonekana ila umpindue,
mikunjo mitatu ya ngozi.

Mle beseni walikuwa tisa.

"Nyaboke, hawa unamuuzia nani?"
"Chura?" Akacheka. "Chura ana mnunuzi?"
"Basi wa nini?"
Akafikiri, msasa ukienda, shh, shh.
"Mikono huchoka na ndovu," alisema.
"Nikimshika huyu, haichoki."
Akawarudisha mmoja mmoja,
akimwonya wa mwisho asiwasukume wenzake.

Usiku stima ilipotea, kama kawaida mvua ikikohoa tu.
Nikabaki barazani na bonge lenye ufa
ambalo Mogaka alilikataa kwa kidole.
Taa ya simu sikuwasha.
Nikakata. Sijui nilikata nini.
Kisu kiliufuata ufa kama mtu afuatavyo sauti ya maji gizani,
jiwe likatoa harufu yake ya udongo uliolowa
niliyokuwa nimeisahau tangu tukiwa watoto,
tulipochonga ng'ombe, pembe zikavunjika,
tukasema, basi, ni ndama.
Mara moja niligeuza shingo niwasikilize waamuzi.
Begani palikuwa na mbu.

Asubuhi nilikitazama. Si twiga. Si kitu chenye jina.
Upande mmoja kama goti la mtu anayesali,
upande wa pili kama mkate ulioumwa.
Kibaya, labda. Nikafurahi vivyo hivyo,
furaha ya mtu aliyejikuna mahali penyewe.

Kisha nikachonga ndovu kumi kabla ya chai.

Nyaboke alipokwenda kuteka maji
nilikilaza ndani ya beseni, kati ya vyura,
nikarudi kigodani, macho kwenye panga.
Alirudi. Akamimina. Akatumbukiza mkono.
Mkono ukakaa mle kitambo.
Hakusema neno, akachukua ndovu.

Nami, kusema kweli,
nilisubiri.